Mtoto, chuchu ya mpira na usingizi wa mchana: tulivyofanya kwetu Majengo

Mdogo wangu anarudi kazini mwezi ujao. Likizo yake ya uzazi ya miezi mitatu inakwisha, na mtoto atashinda kwa mama yetu Kisauni. Juzi alipita kwangu na swali moja: mtoto halali mchana. Akilala ni dakika 30 au 40, na chuchu ya mpira ikimtoka mdomoni keshaamka. Nilimjibu haraka haraka tukiwa tumesimama mlangoni, na alipoondoka nikaona nimesahau nusu ya mambo. Kwa hiyo nimeketi kuyaandika yote, yamfae yeye na mama mwingine yeyote anayekesha mchana kama walinzi wanavyokesha usiku.

Mimi ni fundi wa nguo. Nashona madera na buibui nyumbani, hapa Majengo, Mombasa, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita yenye paa la mabati. Nina watoto watatu. Omari na Fatuma wamekua, wa tatu ni Rukia, na ndiye aliyenifundisha haya. Alizaliwa Novemba. Alipotimiza miezi minne tulikuwa ndani ya Ramadhani, kaskazi imeshika, na kabati langu limejaa vitambaa vya madera ya Idi ambavyo wenyewe walikuwa wakiniulizia kila siku. Mchana ndio wakati wangu wa kazi. Na mchana ndio wakati ambao Rukia hakulala.

Nilijaribu kila kitu kwa pupa. Nilimbeba, nikamnyonyesha, nikamrudishia chuchu, nikamzungusha uani, nikamrudishia chuchu tena. Siku moja, kuanzia saa nane mpaka saa tisa, niliinuka kwenye cherehani mara saba kumwokotea chuchu. Mara ya saba nilikata kitambaa cha mteja pasipotakiwa kukatwa. Hapo nikaona lazima nitafute chanzo.

Anza na daftari

Ninalo daftari la vipimo, lenye kifua na kiuno cha nusu ya wanawake wa mtaa huu. Nikageuza kurasa za nyuma, nikaandika kwa siku tatu: Rukia ameamka saa ngapi, amelala saa ngapi, ameamka tena saa ngapi, na kama chuchu ilikuwa mdomoni au imetoka. Sikuandika zaidi ya hayo. Ukurasa wa siku ya kwanza unasema hivi: kaamka saa 12:40. Kalala 3:25, kaamka 4:00, chuchu imetoka. Kalala 6:50, kaamka 7:25, chuchu imetoka. Kalala 10:15 mgongoni, kaamka 10:45.

Siku zote tatu nilikuwa nikilaumu zile dakika 35 na ile chuchu. Mavyaa wangu, ambaye hukaa chumba cha mbele, alilishika daftari lile, akaweka kidole kati ya 12:40 na 3:25, akaniuliza, "Mama Omari, hapa katikati mtoto alikuwa akifanya nini?" Nikamwambia alikuwa akicheza, hajalia, kwa hiyo sikumlaza. Akasema, "Mwanangu, mtoto halazwi akilia. Hulazwa akinyamaza."

Nilifikiri ni maneno ya wazee tu. Kumbe ndiyo yaliyokuwa dawa yenyewe, na mengine yote nitakayoandika hapa yanafuata nyuma yake. Karibu saa tatu nzima macho wazi ni nyingi mno kwa mtoto wa miezi minne. Kwa umri ule wengi huweza saa moja na nusu, au mbili kwa shida. Mtoto mchanga wa wiki chache hawezi hata saa moja kamili. Akifika miezi sita au saba ataweza saa mbili na nusu hivi, na karibu na mwaka atakuwa na saa tatu au nne. Jumla ya usingizi wa usiku na mchana, Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miezi mitatu anahitaji saa 14 hadi 17, na wa miezi minne hadi kumi na mmoja saa 12 hadi 16. Ukijumlisha daftari la siku tatu utaona wako yuko wapi. Rukia alikuwa kwenye 11, kwa sababu hata usiku wetu ulikuwa umevurugika: futari, tarawehe, wageni, watoto wa mtaa barazani, daku. Nyumba nzima ilikuwa imehamia usiku, na yeye tukahama naye.

Dakika kumi za kunyamaza

Nilikaa nikamtazama kama ninavyoitazama nguo kabla sijaikata. Rukia akianza kuchoka, hatua ya kwanza haina kilio. Miguu inatulia. Alikuwa akipiga mateke kwenye mkeka, ghafla mateke yanakatika. Kisha macho yanaganda mahali pamoja, kwake ilikuwa ni kigae cheupe kilicho juu ya mlango, na ukimwita anachelewa kugeuka. Nyusi zinaiva wekundu mdogo ambao usipomsogelea huuoni. Hapo hana sauti kabisa, na mama mwenye kazi hufurahi akasema afadhali ametulia, acha nimalizie pindo hili.

Pindo lisubiri. Ukiona hivyo una kama dakika kumi. Zikipita, anaanza kusugua macho na kuvuta sikio, kisha anapiga miayo, kisha analia kilio cha kujinyonganyonga. Mtoto aliyefika hapo amechoka kupita kiasi, na mwili wake unajishikilia macho kwa nguvu. Atalala, ndiyo, lakini kwa vita, tena usingizi wa mang'amung'amu wa dakika thelathini. Halafu anaamka bado amechoka, na duru ya pili inakuwa mbaya kuliko ya kwanza.

Mpango ulionishika mimi kwa umri wa miezi minne ulikuwa huu: akiamka saa 12:30 asubuhi, analala saa 2:15 kwa dakika 45. Analala tena saa 5:00 kwa saa moja na nusu, huu ndio usingizi mnono wa siku. Saa 8:30 tena kwa saa moja. Saa 11:00 jioni kidogo tu, nusu saa, hata akiwa amebebwa, ili afike saa 1:30 ya usiku bila kuchanganyikiwa. Saa hizi si amri. Utazame unyamavu wa mtoto wako kwanza, saa zifuate nyuma. Ile ya saa 11:00 ndiyo ya kwanza kufa, karibu na miezi sita au saba, na usiisikitikie.

Joto la mabati

Hapa kwetu huwezi kuzungumza habari ya usingizi wa mchana usizungumzie joto. Februari na Machi ni nyuzi 32 au 33 kivulini, hewa nzito, na chini ya mabati yasiyo na dari ni zaidi. Chumba changu cha kulala saa sita za mchana ni tanuri. Nilikuwa nikimlaza Rukia humo kwa sababu ndimo kilimo kitanda chake, kisha nikishangaa anaamka ametota.

Nyumba za Kiswahili zimejengwa kwa akili. Ule ukumbi wa katikati, unaotoka mlango wa mbele mpaka uani, hupitisha upepo hata siku ambayo barabarani jani halitikisiki. Nikahamisha godoro lake dogo, lile gumu, nikaliweka ukumbini karibu na mlango wa uani, juu ya mkeka, pembeni ya mapito ya watu. Juu nikaning'iniza chandarua, kingo zake nikazichomeka chini ya godoro pande zote ili zisimfikie usoni, kwa sababu mbu wa Majengo hawasubiri magharibi. Mlango wa chumba cha mbele nikautundikia kipande cha kitambaa cheusi cha buibui kilichobaki kwenye kazi, na cha pili upande wa uani, vyote vikiwa vimeishia futi moja juu ya sakafu. Mwanga ukapungua, upepo ukaendelea kupita chini. Kwa shilingi sifuri nilipata giza ambalo pazia langu la maua halikuwahi kunipa.

Nguo: mchana wa kaskazi Rukia alilala na nepi na fulana nyepesi ya pamba, pengine nepi peke yake. Usipime joto lake kwa viganja wala nyayo. Tia vidole viwili nyuma ya shingo. Pakiwa na unyevu au moto, mvue. Feni iwe mbali na isimpulizie usoni, ielekeze ukutani hewa izunguke. Na mtoto wa chini ya miezi sita akiwa na kiu, kiu yake ni ya maziwa. Usimpe maji hata kama ni kaskazi ya namna gani. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Hili nimeligombania na shangazi zangu kwa heshima zote, na nitaendelea kuligombania.

Kelele hazikunisumbua kama nilivyoogopa. Tuktuk, adhana ya adhuhuri, watoto wanaotoka madrasa, muuza kahawa akigonga vikombe vyake, vyote hivyo Rukia alivizoea tangu tumboni. Alichokuwa hakiwezi ni mabadiliko ya ghafla. Nikishona, analala. Nikisimamisha cherehani kukata uzi, anafumbua macho. Stima ikipotea na feni ikanyamaza, ameamka. Kwa hiyo nilijifunza kumlaza cherehani ikiwa kimya, nikaacha feni ndiyo isemayo, na kazi ya kushona nikaianza akishazama. Stima ilipopotea nilikuwa namwekea mkono kifuani mpaka auzoee ukimya.

Chuchu yenyewe

Mavyaa hakuipenda chuchu ya mpira tangu mwanzo. Aliona ni ya kumnyima mtoto ziwa. Na ana haki kwa upande mmoja, maana wiki za mwanzo maziwa huja kwa kunyonywa, na mtoto aliyezibwa mdomo kwa mpira huweza kuwa na njaa na mamaye asijue. Ndiyo maana ule mwongozo wa hatua kumi za kunyonyesha wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa mwaka 1989 ulikataza chuchu bandia kwa watoto wanaonyonya, na ulipoandikwa upya mwaka 2018 ukasema akina mama waelezwe matumizi na hatari zake. Upande wa pili, madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri mtoto apewe chuchu wakati wa kulazwa, kunyonya kukishatengemaa, kwa kuwa utafiti umeihusisha na kupungua kwa vifo vya ghafla vya watoto usingizini. Tena wanasema ikishamtoka akiwa amelala, hakuna haja ya kumrudishia. Sentensi hii ya mwisho laiti ningeijua mapema. Ningesalimika na zile safari saba.

Mimi nilimpa Rukia chuchu baada ya arobaini, alipokuwa ananyonya vizuri na uzito unapanda kwenye kijitabu cha kliniki. Kama kunyonya kwako bado kunakupa taabu, subiri. Na kila ukitaka kumpa, jiulize amenyonya lini. Zikiwa zimepita saa mbili, toa ziwa, chuchu ingoje.

Nunua kwenye duka la dawa, iliyo ndani ya pakiti yake na umri umeandikwa juu, iwe kipande kimoja cha silikoni kisicho na maungio. Zile zenye shanga na vidoli zinazouzwa njiani, ziache, shanga ikitoka inaingia kooni. Kisahani chake kiwe kipana kuliko mdomo wa mtoto na kiwe na matundu ya hewa. Kabla ya kumpa mara ya kwanza ichemshe dakika tano, kisha ikamue, maji ya moto hubaki ndani ya mpira na yanaweza kumchoma ulimi. Kila asubuhi mimi huishika chuchu kwa mkono mmoja na kisahani kwa mwingine, nikavuta pande zote kama ninavyojaribu mshono wa bega. Ukiona inanata, imepasuka au imebadilika umbo, itupe siku hiyo hiyo.

Ikianguka sakafuni ioshe. Usiitie kinywani mwako ukaifuta kwa mate ukamrudishia. Usiichovye kwenye asali wala sukari. Asali kwetu ina baraka na ni dawa, lakini mtoto ambaye hajatimiza miezi 12 hapewi kabisa, hata tone, kwa sababu huweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa botulizimu ambavyo tumbo lake halina uwezo navyo. Na usiifunge kwa uzi shingoni. Kamba yoyote shingoni mwa mtoto aliyelala, iwe ya chuchu au ya kitu kingine, ivuliwe kabla hujamlaza.

Namna ya kuitoa kabla haijamtoka

Tatizo la chuchu si chuchu. Usingizi wa mtoto huenda kwa mizunguko ya dakika 40 au 50 hivi, na mwisho wa kila mzunguko hupanda juu, akakaribia kuamka. Mtu mzima hugeuza mto akaendelea. Mtoto hukagua: niliacha nini mdomoni? Ikiwa alilala akinyonya mpira, na sasa mpira haupo, kwake ni kama mtu aliyelala kitandani akaamka barazani. Rukia nilimwona mara nyingi. Mdomo unanyonya hewa mara tatu nne, paji linakunjamana, mkono unaruka juu, kisha sauti.

Kwa hiyo kazi ni kumzoesha azame kabisa mdomo ukiwa mtupu. Chuchu imtulize tu, imfikishe mlangoni mwa usingizi, aingie mwenyewe.

Anza na usingizi wa kwanza wa asubuhi, ndio rahisi kuliko mwingine wowote. Mlaze chali mapema, kwenye zile dakika kumi za kunyamaza, mpe chuchu, mpige pige paja taratibu kwa mwendo mmoja. Sikiliza mnyonyo wake. Mwanzo ni wa haraka haraka, kama sindano kwenye kitambaa chepesi. Kisha unapunguza mwendo. Kisha unasimama, midomo inatetemeka kidogo, unaanza tena. Vituo vikifika urefu wa kuhesabu mpaka kumi, ingiza ncha ya kidole kidogo kilicho safi pembeni mwa mdomo, hewa ipite, utoe chuchu bila kuivuta. Papo hapo weka kidole chini ya mdomo wa chini, ukiinua kidogo sana mdomo ufunge. Usiache kupiga paja.

Atatafuta. Hesabu kumi tena kabla ya kufanya lolote, mara nyingi utafutaji unaishia hapo. Akilia kweli, mrudishie, usimwache alie, halafu rudia toka mwanzo. Siku ya kwanza nilimrudishia mara sita, nikaona kazi hii haina mwisho. Siku ya pili mara tano. Ya tatu ilikuwa mbaya kuliko zote, alilia mpaka Fatuma akaja kuniuliza kama Rukia anaumwa, nikamnyonyesha akalala kifuani na sikujilaumu. Ya nne mara mbili. Siku ya sita usingizi wa asubuhi ulikwenda bila kurudishiwa, nikaanza ule wa saa tano. Siku ya tisa alilala saa moja na dakika ishirini ukumbini, chuchu ikiwa ndani ya bilauri ya maji safi juu ya cherehani, na mimi nikamaliza dera zima, shingo na mikono.

Usingizi wa jioni sikuugusa. Huo mbebe, mpe chuchu, afanye apendavyo. Mtoto amechoka jioni na wewe umechoka, si saa ya kufundishana.

Kuna jambo moja la kuongeza kwenye ile dakika ya 35. Siku hizo tisa nilikuwa nikitazama saa, na ikifika dakika ya 35 nasogea karibu. Akianza kujikunja namwekea kiganja kifuani, kizito kidogo, bila kumsemesha wala kumtazama machoni, na bila chuchu. Mavyaa ndiye aliyekuwa hodari wa hili kuliko mimi, mkono wake hautetemeki. Wakati mwingine Rukia alivuka, wakati mwingine aliamka, na akiamka anacheka basi ameshiba usingizi, muinue.

Ukiona njia hii ni ndefu, na mtoto wako ameshafika miezi saba au nane, ipo nyingine fupi. Mwekee chuchu mbili kitandani, moja kila upande, na mchana akicheza usimtie mdomoni, mpe mkononi ajitie mwenyewe. Akishajua kuiokota gizani, wewe huna safari tena. Baada ya miezi sita, hata hivyo, anza kuipunguza iwe ya kulalia tu, maana chuchu ya kutwa imehusishwa na maambukizi ya masikio. Na usimfikishe nayo miaka mitatu. Omari nilimwachia mpaka miaka mitatu na nusu, na meno yake ya mbele yalikuwa hayakutani akifunga mdomo.

Tulivyoviacha

Mito midogo ya kumzungushia mtoto niliitoa yote, na leso ya kumfunika usoni kumkinga na nzi nikaibadilisha kwa chandarua. Mtoto alale chali, kila mara, mchana na usiku, mahali pagumu patupu. Bembea ya leso tuliipenda sana tulipokuwa wadogo, lakini mtoto mchanga akilala humo kidevu humwinamia kifuani na njia ya pumzi ikabanika. Akisinzia humo umtazame kwa macho yako, ukamhamishe. Jirani yangu Mgiriama humlaza wake mgongoni akifua, na hulala vizuri sana. Anahakikisha uso uko pembeni, pua iko wazi, na anaisikia pumzi.

Dawa ya mafua inayosinzisha, usimpe mtoto ili alale. Nimesikia ikishauriwa kwa wepesi kama mtu anashauri uji. Ni hatari kwa mtoto mchanga, na hakuna dera la Idi lenye thamani hiyo.

Baada ya chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, usingizi huvurugika siku moja au mbili, vumilia. Lakini yapo ambayo si ya daftari, ni ya kliniki. Akikataa ziwa, akiwa na nepi mbichi chini ya sita kwa siku, akikoroma au kuvuta pumzi kwa taabu, uzito ukisimama, au ukiona utando mweupe mdomoni usiofutika, mpeleke. Utando ule huweza kuwa ukungu, na hapo chuchu zote zichemshwe au zitupwe. Homa ya nyuzi 38 kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu ni hospitali saa hiyo hiyo, usingoje asubuhi.

Mdogo wangu, kwa mama utampelekea hivi: chuchu mbili ndani ya kikopo chenye mfuniko, na maziwa uliyokamua yenye saa na tarehe. Ile leso uliyolala nayo, mama aitandike imenyooka juu ya godoro na kuichomeka pande zote, asimfunike nayo, ili mtoto anuse harufu yako. Nyumba ya mama ina dari na miembe uani, kwa hiyo joto halitawasumbua kama mimi, chumba cha nyuma kinatosha. Wiki moja kabla hujaanza kazi, nenda naye ushinde huko, mama amlaze yeye na wewe ukae chumba kingine. Na mchanie ukurasa wa daftari umbandikie mlangoni: saa 2:15, 5:00, 8:30, 11:00. Chini yake mwandikie anavyofanya wako akichoka. Ulisema yeye hushika ncha ya leso akaizungusha kidoleni na kunyamaza. Basi mwandikie hilo kwa herufi kubwa, mama hana miwani.